Mtungi au mashine: oksijeni ipi kwa mgonjwa wa Lamu?

Familia ikiambiwa mgonjwa wao atarudi nyumbani na oksijeni, swali la kwanza huwa la pesa: tukodi mtungi au tununue mashine inayochuja oksijeni kutoka kwenye hewa? Swali hilo lina jibu, ila halijibiki kabla ya kujua mambo mawili. Mgonjwa anahitaji lita ngapi kwa dakika? Na mapafu yake yana kasoro ya namna gani? Mgonjwa wa lita 2 na mgonjwa wa lita 10 hawafai kununuliwa kitu kimoja. Tena yupo mgonjwa ambaye hata umzungushie mitungi kitanda kizima hatapata nafuu kubwa, kwa sababu shida yake haiko kwenye hewa anayoivuta. Kwa hiyo tuanze na mapafu, kisha twende dukani.

Abiria na mashua

Mapafu yana vifuko vya hewa milioni mia kadhaa, na kila kimoja kimezungukwa na mishipa myembamba kabisa ya damu, kapilari. Mtu mzima aliyetulia huingiza kwenye vifuko hivyo takriban lita 4 za hewa kwa dakika, na moyo hupitisha mapafuni takriban lita 5 za damu kwa dakika hiyo hiyo. Chembe nyekundu ya damu hupita kwenye kapilari ya pafu kwa robo tatu ya sekunde tu. Pafu likiwa zima, hata theluthi ya muda huo yatosha chembe kujaa oksijeni.

Lakini kiasi cha jumla hakitoshi. Hewa na damu lazima zikutane mahali pamoja. Fikiria jeti mbili, yaani gati za mashua; abiria ni oksijeni, mashua ni damu. Ya kwanza ina mashua kumi na abiria wawili, kwa hiyo mashua zinang'oa nanga karibu tupu. Ya pili imefurika abiria na haina mashua hata moja. Ukihesabu abiria wote na mashua zote utaona vinatosheana, ila ng'ambo watu hawafiki. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupumua kwa kasi, moyo unapiga vizuri, na bado damu yake ikawa na upungufu wa oksijeni.

Watu husema pafu moja likiugua, la pili litafidia. Kwa kabonidioksidi, hewa chafu inayotoka mwilini, ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kama asilimia 70 yake husafiri ndani ya damu kwa umbo la baikaboneti, sehemu nyingine ikishikwa na hemoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, na nyingine ikiwa imeyeyuka, na sehemu nzima ya pafu ikipumua zaidi huweza kutoa ya ziada. Kwa oksijeni haiwi hivyo. Gramu 1 ya hemoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni na haiongezi. Mtu mwenye gramu 15 za hemoglobini katika desilita ya damu hubeba kama mililita 20, na damu inayotoka sehemu nzima ya pafu tayari imejaa asilimia 97 au 98. Mashua imejaa, kuongeza abiria jetini hakuongezi nafasi chomboni. Nusu ya damu ikitoka na asilimia 98 na nusu ikatoka na 75, mchanganyiko unaokwenda mwilini ni kama 86. Hapo mgonjwa ameshafika pabaya.

Mwili una njia yake ya kujitetea. Kifuko kikikosa oksijeni, mishipa midogo inayokilisha hujibana, na damu inaelekezwa kwenye vifuko vyenye hewa. Ni kama nahodha aliyeambiwa jeti ile haina abiria, akageuza usukani mapema. Jambo hili likumbukwe, maana litarudi tukifika kwenye hatari ya kufungua oksijeni kupita kiasi.

Kasoro zenyewe, na lita zake

Kasoro inayosaidika zaidi kwa oksijeni ni ile ya hewa kuingia kidogo: njia zimebana kwa pumu, zimejaa makohozi, au zimechakaa kwa miaka ya moshi wa kuni na makaa jikoni, au wa sigara. Vifuko bado viko wazi, ila hewa inafika kwa unyonge. Ukiitajirisha hewa hiyo kidogo tu, hata inayofika kwa unyonge inatosha kujaza damu. Mgonjwa wa aina hii, akiwa ametulia, mara nyingi hutosheka na lita 1 hadi 3 kwa mrija wa puani. Lita 1 humfikishia hewa yenye oksijeni kama asilimia 24, lita 2 kama 28, lita 4 kama 36, dhidi ya 21 ya hewa ya kawaida. Huyu ndiye mgonjwa wa oksijeni ya nyumbani.

Ya pili ni vifuko vilivyojaa maji au usaha, kama kwenye nimonia kali. Damu inapita pembeni ya kifuko ambacho hewa haifiki kabisa, basi oksijeni unayoiongeza puani haiioni damu hiyo. Inaingia kwenye vifuko vizima, ambako hemoglobini imeshajaa, na kinachoongezeka ni ile iliyoyeyuka tu. Hata kwa oksijeni tupu, hiyo haizidi mililita 2 hivi kwa desilita. Ukiona mgonjwa amepandishwa kutoka lita 3 hadi 5 hadi 10 na kipimo cha kidole, kile kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, kinasogea kwa shida, usifikirie mashine kubwa zaidi ya kuweka nyumbani. Huyo ni wa hospitali, ambako wanaweza kuvifungua vifuko vyenyewe kwa msukumo wa hewa, pamoja na dawa.

Ya tatu ni hewa ipo, damu haipiti, kama bonge la damu linapoziba mshipa wa pafu. Dalili ni kukosa pumzi ghafla na maumivu ya kifua, pengine mguu mmoja umevimba. Oksijeni hupewa, ila tiba ni ya bonge. Usipoteze saa ukitafuta mtungi.

Halafu kuna wale ambao mapafu yao ni mazima na kilichopungua ni chombo. Mtoto mwenye selimundu au aliyetoka kwenye malaria kali akiwa na hemoglobini ya gramu 5 anaweza kuonyesha asilimia 98 kwenye kidole. Namba ni ya kweli na inapotosha: mashua zimejaa, lakini zimebaki theluthi. Anabeba mililita 6.6 kwa desilita badala ya 20. Dawa yake ni damu. Na aliyelala na jiko la makaa chumbani mlango umefungwa, kidole chake nacho kitaonyesha namba nzuri, kwa sababu kipimo cha kawaida hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksaidi, gesi inayong'ang'ania hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Huyu atolewe nje mara moja na apewe oksijeni nyingi kadiri inavyopatikana, kwa barakoa yenye mfuko, lita 10 hadi 15. Kwa hewa ya kawaida gesi hiyo hupungua kwa nusu baada ya saa 4 au 5, kwa oksijeni tupu kama saa moja na nusu au chini yake. Mashine ya lita 5 kwa dakika haimfai. Huyu ni wa mtungi mkubwa, na safari ya hospitali.

Sasa mtungi na mashine

Mtungi ni chuma kilichoshindiliwa oksijeni. Hesabu yake ni nyepesi na kila nyumba inayoutumia iijue: ujazo wa mtungi kwa lita za maji, mara presha inayosomwa kwenye geji kwa bar, ndiyo lita za oksijeni zilizobaki. Mtungi wa lita 10 ukiwa na bar 136 una lita 1,360. Wa lita 50 ukiwa na presha hiyo hiyo una 6,800. Geji ikishuka hadi nusu, oksijeni nayo imebaki nusu.

Mashine, ambayo wengi huiita konsentreta, haina akiba yoyote ndani. Inavuta hewa ya chumbani, kompresa inaisukuma kwenye mitungi miwili midogo yenye punje za zeolaiti, punje zinashika naitrojeni, na kinachopita ni oksijeni ya asilimia 93 hivi. Mtungi mmoja ukishika, mwingine unatema, ndiyo ule mlio wa kukoroma kila baada ya sekunde chache. Stima ikikatika, oksijeni imekwisha pale pale.

| Mkondo | Mtungi wa lita 1,360 | Mtungi wa lita 6,800 | Mashine ya lita 5 |
|---|---|---|---|
| Lita 1 kwa dakika | saa 22, dakika 40 | saa 113 | maadamu pana umeme |
| Lita 2 | saa 11, dakika 20 | saa 56, dakika 40 | maadamu pana umeme |
| Lita 5 | saa 4, dakika 32 | saa 22, dakika 40 | ndio mwisho wake |
| Lita 10 | saa 2, dakika 16 | saa 11, dakika 20 | haiwezi |

Kwenye saa za mtungi toa robo, kwa sababu hakuna anayetakiwa kusubiri geji isome sifuri.

Mgonjwa sugu wa mapafu aliyeandikiwa oksijeni ya muda mrefu huambiwa aitumie angalau saa 15 kwa siku. Kwa lita 2, hizo ni lita 1,800 kila siku. Mtungi mkubwa haumfikishi mwisho wa siku ya nne, kwa hiyo kwa mwezi ni mitungi minane. Kila mmoja, ukiwa chuma, una uzito unaozidi kilo 60, na kwa Lamu lazima uvushwe kutoka Mokowe, bara, upandishwe jeti, ubebwe na hamali au punda kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii, kisha upande ngazi za nyumba ya mawe hadi ghorofani. Minane kwa mwezi, na mitupu minane kurudi. Hapo mtungi umeshashindwa, hata ukijazwa kwa bei rahisi. Malindi hesabu ni tofauti kidogo: barabara ya Mombasa ni kama kilomita 120 na lori linafika mlangoni, hivyo kuishi kwa mtungi wiki mbili tatu wakati mashine inatafutwa kunawezekana.

Mashine ya lita 5 ina uzito wa kilo 14 hadi 25, na hukaa mahali pamoja. Huna haja ya kuipandisha juu: mrija wa hadi mita 15 unaweza kutoka ilipo mashine mpaka kitandani, mradi haukunjiki wala haukanyagwi. Inakula kama wati 350, yaani yuniti 8.4 za tokeni ikiwaka mchana na usiku, au 5.25 kwa saa 15. Familia ifanye hesabu hiyo kabla ya kununua. Tokeni kwisha saa nane usiku ni hatari sawa na stima kukatika.

Betri na inveta husaidia, lakini si kwa kiasi ambacho wauzaji hudokeza. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 200 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi. Ukitaka idumu unatumia nusu, na inveta yenyewe inakula kidogo. Unapata saa tatu hivi. Kuendesha mashine mchana na usiku kwa jua, kama vile Kiwayu au kijiji kisicho na nguzo, kunahitaji paneli za kilowati 2 au zaidi na betri za kutosha usiku mzima. Inawezekana kwa zahanati. Kwa nyumba moja ni mzigo mkubwa.

Hukumu yetu kwa mgonjwa wa nyumbani wa lita 1 hadi 3, mjini Lamu au Shela, ni hii: mashine ya lita 5 iwe ya kila siku, na mtungi wa lita 10 uwe pembeni umefungwa kwenye ukuta, na regyuleta yake, kifaa cha kushusha presha, kwa ajili ya stima kukatika. Kwa lita 2 unakupa saa nane na nusu baada ya kutoa robo. Mashine peke yake bila mtungi wa akiba hatumshauri mtu yeyote. Mashine za lita 10, zinazokula kama wati 600, zina nafasi yake kwenye zahanati. Nyumbani mara nyingi ni dalili kwamba mgonjwa ameruhusiwa mapema mno.

Zile ndogo za begani zinazotoa oksijeni kwa vipigo, kila anapovuta pumzi, zisichanganywe na hizi. Namba 2 kwenye kitufe chake haimaanishi lita 2 kwa dakika. Humfaa anayetembea mchana. Aliyelala, anayepumua kwa mdomo, au mtoto, asitegemezwe hizo.

Zinavyoharibika

Bahari ni adui wa mashine. Hewa ya chumvi hula viungo vya umeme, na unyevu huzichosha punje za zeolaiti, hasa mashine ikikaa kabatini miezi bila kuwashwa. Iwashwe mara kwa mara hata kama mgonjwa hayupo. Kichujio cha sponji kioshwe kila wiki kwa maji na sabuni, kikauke kabisa ndipo kirudi. Iwe umbali wa sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye mapazia, isitiwe ndani ya daka wala kufunikwa kitambaa, maana inatoa joto na lazima ipumue. Volti zikipanda na kushuka, weka stabilaiza.

Makosa mabaya zaidi hayaonekani. Mashine iliyochoka huendelea kukoroma vile vile, mpira kwenye kioo cha mkondo unaonyesha lita 2, lakini kinachotoka ni hewa inayokaribia ile ya chumbani. Ndiyo maana unaponunua, chagua yenye kipima usafi wa oksijeni kinachowasha taa ikishuka chini ya asilimia 82. Isiyo na taa hiyo usiichukue hata kwa nusu bei. Ukiisukuma zaidi ya lita zake pia usafi hushuka.

Mtungi una makosa machache lakini ni ya moto. Usipake mafuta yoyote kwenye valvu au regyuleta, hata ya nazi, hata ikikaza namna gani, kwa sababu mafuta na oksijeni yenye presha huwaka bila kiberiti. Valvu ifunguliwe polepole. Uvujaji utafutwe kwa povu la sabuni. Mtungi wa oksijeni una bega jeupe. Usiukubali uliopakwa rangi upya usijue ulikuwa wa nini. Na kwa zote mbili, mtungi na mashine: chetezo, jiko, mshumaa na sigara vikae umbali wa mita 3. Shuka na nguo zilizoloa oksijeni hushika moto kwa kasi ya kutisha. Udi unapendeza, lakini chumba cha mgonjwa huyu kisifukizwe kabisa, kwani moshi wenyewe unabana njia za hewa.

Kufungua sana si wema

Mgonjwa mwenye mapafu yaliyochakaa lengo lake ni asilimia 88 hadi 92. Ndugu wakiona 90 wanaongeza hadi 98 kwa mapenzi. Kumbuka nahodha: oksijeni ikizidi, mishipa iliyojibana hufunguka, damu inarudi kwenye vifuko visivyotoa hewa nje vizuri, hemoglobini iliyojaa oksijeni nayo inaachia kabonidioksidi iliyokuwa imeishika, na hewa chafu inajaa mwilini. Mgonjwa anaanza kusinzia, kichwa kinamuuma, maneno yanavurugika. Namba ni nzuri na mtu anazama. Kwa wengine lengo ni 94 hadi 98. Mwambieni daktari aandike lengo kwenye karatasi, ibandikwe juu ya mashine.

Kipimo cha kidole kisomwe mgonjwa akiwa ametulia dakika tano. Piko nyeusi kwenye kucha huweza kuzuia mwanga wake. Hina nyekundu kwa kawaida haisumbui. Kwa bibi harusi wa juzi au mama aliyetoka arusini, tumieni kidole kisicho na piko au ncha ya sikio, kwa kipimo kinachofaa hapo. Kwenye ngozi nyeusi kifaa kinaweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli, basi anayehema na kushindwa kumaliza sentensi asiachwe kwa sababu tu kioo kimeandika 93.

Kabla ya kugusa mkondo, badilisha mkao. Kukaa wima au kuegemea mito hufungua sehemu za chini za mapafu. Mtu mzima mwenye nimonia ya upande mmoja alale pafu zima likiwa chini, kwa sababu damu hufuata uzito, na hivyo unaipeleka kwenye hewa. Mtoto mchanga ni kinyume, na anayekohoa damu kutoka kifuani pia ni kinyume, alale upande unaougua. Jambo hili halina gharama na mara nyingine huongeza asilimia kadhaa.

Zahanati na safari ya baharini

Zahanati ya kisiwani, Pate, Ndau au Kiwayu, inahitaji vyote viwili bila mjadala: mashine kwa wagonjwa wa kulazwa, ambayo kwa kigawanyaji mkondo huhudumia watoto wachanga kadhaa kwa nusu lita au lita moja kila mmoja, na mitungi kwa dharura na safari. Barakoa ya kawaida isitumiwe chini ya lita 5, mgonjwa atavuta hewa chafu yake mwenyewe. Chini ya hapo tumieni mrija wa puani.

Kwenye boti hakuna ushindani, ni mtungi. Hesabuni muda wote, siyo wa injini tu: kumbeba hadi ufukweni, kusubiri maji yajae kama mnapitia mlango wa bahari wa Mkanda, bahari ya kusi, na kumpandisha jetini. Kisha zidisheni mara mbili. Mgonjwa wa lita 5 na safari ya saa 3 anataka lita 900; mara mbili ni 1,800. Mtungi mmoja wa lita 10 uliojaa hautoshi. Chukueni miwili, ulazeni mtungi mmoja kila upande wa boti, ifungwe kwa kamba isibingirike, spana ya valvu ifungwe kwenye shingo ya mtungi wenyewe, na aliyekaa karibu na mgonjwa asome geji kila robo saa.